Sekunde Nne za Kuinuka

Siku ya kwanza, wanafunzi hata majina hawajaulizana, mwalimu alipita meza kwa meza akikagua kucha. Kucha za watu wazima, jamani! Alikuwa na kile kikatio kidogo cha watoto wachanga. Anakushika kidole, anakisogeza chini ya taa, anakohoa kidogo, halafu anasema, "Kata." Akaeleza kwamba muhula mzima watashika midoli ya plastisini, ule udongo laini wa kufinyanga, na ukucha mrefu ukigusa plastisini unaacha mkwaruzo, na mkwaruzo ukifika kwenye skrini kubwa unaonekana mpana kama mtaro. Wanafunzi tisa wakakata bila kinyongo. Wa kumi akakunja mikono kifuani, akampandisha mwalimu na kumshusha kwa macho, kuanzia kipara hadi viatu vyeusi vilivyopauka.

"Zangu hazikatwi," alisema. "Nimezilea miezi minne."

Basi akabatizwa Kucha. Jina likamganda, na wala hakujali, maana waliompa aliwaona si watu wa kumnyima usingizi.

Lazima mjue Kucha alikuwa mtu wa aina gani. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, mrefu, mchapakazi akiamua, na dharau zilimjaa mpaka zikawa zinamwagika. Akiingia mahali anasonya kwanza, salamu baadaye. Alishasoma miaka miwili kwenye chuo cha famasia, akasonya, akaacha. Alisema hawezi kumaliza ujana wake akiandika "kutwa mara tatu" kwenye bahasha. Alikuwa na vikatuni vyake alivyovichora kwenye simu, marafiki wakivisifu, kichwa kikavimba. Akasikia chuo cha sanaa kimefungua darasa la katuni za mikono, zile ambazo mdoli anasogezwa kidogo, anapigwa picha, anasogezwa tena, anapigwa tena, na picha zikikimbizwa pamoja unaona mdoli anatembea. Akajiandikisha. Alidhani wiki ya pili atakuwa anawafundisha wenzake.

Nyumbani kuliwaka. Baba yake alikuwa mfamasia mwenye duka lake la dawa, na kwa miaka miwili alikuwa akiwatangazia wateja kwamba binti yake anakuja kukaa naye nyuma ya kaunta. Kiti cha huyo binti kilishawekwa tayari, kirefu, cha kuzunguka. Kama kuna mtu duniani aliyemshinda Kucha kwa dharau, basi ni huyo mzee, na ndiko binti alikozitoa. Tofauti ni kwamba mzee hakuwa na papara. Za kwake alizitoa kwa kipimo.

"Kwa hiyo," alimwambia wakiwa mezani, akipangusa miwani, "umeacha kutibu watu, unakwenda kutibu midoli."

"Baba, si midoli. Ni filamu."

"Filamu ya midoli."

"Ni sanaa, baba."

"Haya, daktari wa midoli." Mzee akavaa miwani yake. "Mimi sina ugomvi. Darasa lenyewe si la muhula mmoja? Na mwisho mnaonyesha mbele ya watu? Nitakuja. Watu wasiokujua, wasio ndugu zetu, wakiitazama hiyo takataka yako mpaka mwisho na wakafurahi, basi mimi nanyamaza, fanya utakalo. Wakipiga miayo, Jumatatu yake unarudi famasia, na hayo mambo sitaki kuyasikia tena."

"Na nikikushinda?"

"Mimi nishindwe na mdoli?" aliuliza mzee, na mama akaomba apewe chumvi.

Ndiyo hivyo. Muhula mmoja, filamu moja. Akifaulu yuko huru, akishindwa ni kile kiti cha kuzunguka mpaka nywele ziote mvi.

Chumba cha darasa kilikuwa ghala la zamani la madaftari. Kuta zilipakwa rangi nyeusi, madirisha yalizibwa kwa vitambaa vyeusi, na meza zilifungwa kwa bolti sakafuni, maana meza ikitikisika hata kidogo, dunia nzima ya mdoli inaruka. Mwalimu naye alivaa nyeusi kutwa kucha, akitembea bila kuinua miguu, akiongea kama anayehesabu maneno yaliyobaki. Kucha alimwita Konokono, na siku ya tatu darasa zima likamwita hivyo, ila si mbele yake.

Konokono hakuanza na mdoli. Alianza na mpira, tena wa kuchora kwa penseli. Kila mtu achore mpira unaodunda, karatasi thelathini na sita, juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake ili mchoro wa chini uonekane kupitia karatasi ya juu. Wiki nzima ya mpira! Kucha alisonya mpaka mate yakamkauka. Akachora zake thelathini na sita kwa saa moja na nusu, akazibwaga mezani, akaenda zake kula. Aliporudi, mwalimu alikuwa ameshazipiga picha na kuzikimbiza. Mpira wa Kucha ulishuka taratibu kama mfuko wa nailoni, ukagusa chini, ukakaa kidogo ukifikiri, kisha ukapanda kwa mwendo ule ule ulioshukia.

"Una uzito gani huu?" aliuliza mwalimu.

"Ni mpira, Mwalimu. Si una uzito wa mpira?"

"Sijaona mpira. Nimeona duara." Akakohoa. "Kila kinachosogea kina uzito. Usipojua uko wapi, umechora duara. Rudia."

Alirudia mara nne. Kilichomuuma zaidi ni kwamba Kofia alifaulu mara ya kwanza. Kofia alikuwa fundi magodoro, bonge la mtu, mzito wa kusema, ambaye hakuna aliyewahi kumwona kichwa wazi. Vidole vyake vilikuwa kama ndizi mbivu. Lakini mpira wake ulidunda mpaka unatamani kuupiga teke. Kucha alimtazama yule bonge akipongezwa, akajiambia kwamba darasa ambalo fundi magodoro ndiye kinara halina maana yoyote. Halafu, kwa sababu ya mpangilio wa meza, akapangiwa kufanya naye kazi muhula mzima. Lo!

Wiki ya tatu wakaingia kwenye midoli yenyewe. Unasokota waya laini upate mifupa, unaufunga sponji upate nyama, unapaka plastisini upate ngozi, na chini ya nyayo unatia skrubu za kumshikilia kwenye jukwaa. Mmoja anasogeza, mwingine yuko kwenye kamera anabonyeza. Picha kumi na mbili ndizo sekunde moja. Ukifanya kazi tangu asubuhi bila kukosea, jioni una sekunde kumi, na ukipiga chafya umepoteza moja.

Siku hiyo Kucha alikuja na gauni jipya la njano, la kitambaa cha kung'aa. Konokono akamwambia nyuma ya mlango kuna makoti meusi, achukue moja.

"Sijaja msibani, Mwalimu."

Mwalimu akaenda kurekebisha taa. Alikuwa na ubaya huo, hakubishana na mtu. Kucha akafanya kazi tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, anainama, anasogeza mkono wa mdoli kiasi cha upana wa uzi, anarudi nyuma, Kofia anabonyeza, anainama tena. Picha mia moja na ishirini. Zilipokimbizwa, mdoli alikuwa anaugua. Uso unakuwa wa njano, unarudi kawaida, unakuwa wa njano tena, kama mtu mwenye homa inayobisha hodi na kuondoka. Kumbe kila alipokuwa amesimama karibu, gauni lake liliurudisha mwanga wa taa ukampiga mdoli usoni. Akisimama mbali, mdoli anapona. Kutwa nzima ikaenda na maji.

Darasa halikucheka. Hilo ndilo lililomchoma, maana wangecheka angewapa zao. Kofia alisema tu, "Pole, dada," akafuta picha zote. Kucha akachukua koti jeusi nyuma ya mlango, akaenda chooni, akakata kucha zote kumi.

Kuanzia hapo akawa mwanafunzi kwelikweli, lakini msidhani aliacha dharau. Alizihamisha. Zamani aliwadharau watu kwa kusonya, sasa aliwadharau kwa kuwatazama. Macho yake yakawa makali ajabu. Alijua nani anaburuta kisigino, nani anakaa kwa kujitupa, nani akitaka kudanganya anashika sikio kwanza. Konokono aliwatajia kazi ya mwisho: dakika moja na nusu, mtu mmoja mnayemjua, iba mwendo wake. Wenzake wakaanza kukuna vichwa. Kucha hakukuna chochote. Alimjua wake kabla mwalimu hajafunga mdomo.

Alikwenda dukani kwa baba yake siku tatu mfululizo. Akajitia anasaidia kupanga maboksi ya pamba, kumbe simu ameiegemeza kati ya chupa za dawa ya kikohozi, inarekodi. Mzee alipomwona nyuma ya kaunta akadhani amejirudi. Siku ya pili Kucha alikuta kile kiti cha kuzunguka kimewekewa mto. Alisonya kimoyomoyo, akakaa juu ya huo mto, akaendelea kurekodi.

Na alichokipata kilikuwa dhahabu. Mteja anaingia. Mzee anakunja gazeti, anaweka mkono wa kushoto juu ya kaunta, anaanza kuinuka. Akifika katikati, anasimama. Haketi, hainuki. Kidevu kiko juu, kifua kimetoka, macho yanatazama rafu za kulia, yanatazama rafu za kushoto, mteja wa watu anasubiri na karatasi yake mkononi. Ndipo mzee anamalizia kuinuka. Kucha alihesabu: sekunde mbili kamili, picha ishirini na nne, na kila mteja anafanyiwa vivyo hivyo, mzee kwa kijana.

"Muone na maringo yake!" Kucha alisema peke yake. Miaka yote alimchukia kwa huo mtuo wa katikati bila kujua ndio anaouchukia.

Akamwonyesha Konokono ile video. Mwalimu akaitazama mara tatu, pua karibu na kioo cha simu.

"Ana nini mguuni huyu?"

"Nani, baba? Hana kitu. Ni maringo."

"Tazama huo mkono wa kushoto. Mtu mzima yuko juu ya huo mkono."

"Mwalimu, huyu ni baba yangu. Wewe umemwona dakika moja, mimi nimekaa naye miaka ishirini na mbili."

Konokono akakohoa. "Mdoli ni wako," alisema, akamrudishia simu.

Kucha akatoka pale akibinua midomo. Huyu mwalimu kila kitu kwake ni uzito! Hata maringo ya mtu anayatafutia kilo.

Akamtengeneza mzee. Na hapa tumpe haki yake, alimtengeneza hasa. Kitambi kinachoanzia chini ya matiti, miwani iliyopandishwa kwenye paji la uso, mistari miwili ya kinyongo kando ya mdomo. Kofia alipomwona mdoli amekaa kwenye kiti chake cha waya, alijikuta anamwamkia. Hadithi yenyewe ilikuwa fupi: mteja anaingia dukani anakohoa, mwuza dawa anaanza kuinuka, anasimama katikati, na pale katikati anapojivuna, ndevu za mteja zinakua mpaka zinagusa sakafu na buibui anashuka anafuma utando kati ya makalio ya mwuza dawa na kiti. Mpaka mzee ainuke, mteja ameshakuwa kikongwe.

Darasani walishafundishwa kutia chumvi, kwamba mdoli akifanya kitu kwa kiasi kile kile cha mtu haonekani. Kucha akatia. Sekunde mbili za mtuo akazifanya nne, picha arobaini na nane. Na ule mkono wa kushoto uliokuwa juu ya kaunta akauondoa, maana uliharibu kifua. Akauweka kiunoni. Sasa ndiyo maringo yalionekana!

Tatizo mdoli alikataa. Kila akiwekwa katikati, mkono kiunoni, anaanguka kifudifudi juu ya kaunta. Kucha anamwinua, anamkaza waya wa mgongo, anarudi nyuma, paa! Yuko chini tena, miwani imezama kwenye plastisini. Mara saba.

"Dada," alisema Kofia kutoka kwenye kamera, "mtu hawezi kusimama hivyo. Ukiwa hapo katikati bila kushika kitu, lazima uanguke. Jaribu mwenyewe uone."

"Wewe bonyeza."

"Mrudishie mkono kwenye meza, atakaa."

"Kofia! Hii ni filamu yangu au godoro?"

Kofia akarudisha jicho kwenye kamera. Kucha akachukua pini ndefu ya chuma, akaipitisha kutoka kwenye kiti mpaka ndani ya kiuno cha baba yake, akaificha nyuma ya utando wa buibui. Mdoli akasimama wima katikati ya hewa, kifua mbele, mkono kiunoni. Siku tisa walimpiga picha.

Maonyesho yalikuwa Jumamosi saa tisa alasiri. Ukumbi wa chuo ulijaa watu kama mia mbili hivi, wengi wao wapita njia waliovutwa na tangazo la getini. Wazazi wakawekwa mbele kwa heshima zote, kwenye masofa ya ofisini kwa mkuu wa chuo, yale ya kizamani ambayo ukikaa unazama mpaka magoti yanakusalimia. Baba yake Kucha alikuja na suti ya kijivu. Alikaa kwa sura ya mtu aliyeletewa chai ya baridi. Mama yake Kucha alikaa kando yake, mkoba mapajani.

Filamu za wengine zikapita, wengi wakiwa wamehamishia miendo ya watu wao kwenye vitu. Kulikuwa na tufaha linalooza, kulikuwa na viatu viwili vinavyogombana, na ya Kofia ilikuwa sindano za magodoro zinazocheza muziki. Watu walipiga makofi ya adabu. Kwenye tufaha mwanamke mmoja alipiga mwayo wa nguvu, na Kucha, aliyekuwa amesimama kando ya jukwaa, akamwona baba yake anageuka kuutazama ule mwayo, kisha anapangusa miwani kwa utulivu. Kiti cha kuzunguka kilimjia machoni, na mto wake.

Yake ikawekwa ya mwisho.

Mwuza dawa alipotokea tu kwenye skrini, amekunja uso juu ya gazeti, mtu mmoja nyuma akacheka. Mteja akaingia anakohoa. Mwuza dawa akaanza kuinuka, akafika katikati, akasimama, kifua mbele, mkono kiunoni, macho kulia, macho kushoto. Ukumbi ukaanza kutetemeka. Ndevu zikakua. Buibui akashuka. Watu wakavunjika mbavu! Mwanamke wa mwayo alikuwa anajipigapiga paja. Kucha hakutazama skrini hata mara moja. Alimtazama baba yake, uso wake ukimulikwa na mwanga wa filamu. Kicheko cha kwanza mzee aligeuka kutazama watu, cha pili alitazama skrini, cha tatu alitazama mikono yake. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, na Kucha akadhani naye anacheka.

Taa zikawashwa. Makofi, miluzi, "rudia, rudia!" Mkuu wa chuo akapanda jukwaani anafuta machozi, akamvuta Kucha kwenye kipaza sauti.

"Hebu tuambie, binti, huyu mwuza dawa umemtoa wapi?"

Angeweza kusema amemwota. Angeweza kusema asante akashuka, alikuwa ameshashinda, hakuna aliyemdai neno. Lakini ushindi ulishampanda kichwani, na miaka ishirini na mbili ya kudharauliwa kwa kipimo ilikuwa imemkaa kooni. Akataka mzee aonje, tena mbele za watu.

"Ni baba yangu," alisema. "Na yupo hapa hapa. Baba, simama wakuone!"

Ukumbi ukalipuka. Watu walinyoosha shingo. Mzee akatikisa kichwa, akapunga mkono kukataa, na watu wakaona ndiyo maringo yenyewe hayo. Wakaanza kumpigia makofi ya mdundo: "Si-ma-ma! Si-ma-ma!" Naye Kucha, kipaza sauti mkononi, akaitikia nao.

Mzee akaanza kuinuka.

Sofa halikuwa na kaunta mbele yake. Alisukuma kwa mkono wa kushoto kwenye ukingo, mkono ukazama kwenye sponji. Akajivuta, akafika katikati, akasimama. Kidevu juu, kifua mbele. Macho yake yakatazama kulia, yakatazama kushoto. Ukumbi ulikaribia kufa kwa kicheko. "Anaigiza! Mzee anaigiza!" mtu alipiga kelele, na simu zikainuliwa kurekodi.

Kucha naye alicheka. Kisha, kwa mazoea tu, akaanza kuhesabu. Kumi na mbili. Ishirini na nne. Hapo ndipo mzee alipopaswa kumalizia kuinuka, lakini hakumalizia. Thelathini na sita. Macho ya mzee hayakuwa yanatazama watu. Yalikuwa yanatafuta mahali pa kushika, kulia hakuna, kushoto hakuna, na kidevu kilikuwa juu kwa sababu meno yalikuwa yameumana. Arobaini na nane. Mdoli wake alikuwa ameshainuka muda huo. Baba yake alikuwa bado pale pale, mguu wa kulia unatetemeka ndani ya suruali ya suti, na mkono ule wa kushoto unapapasa hewani. Sitini. Watu mia mbili walikuwa wanampigia makofi, na hakuna hata mmoja aliyemsogelea, maana nani anamwendea mwigizaji katikati ya kichekesho?

Mama ndiye aliyesogea. Hakuharakisha. Aliinuka na mkoba wake, akaingiza bega chini ya kwapa la mumewe, mkono mmoja nyuma ya mshipi wake, akamvuta juu mara moja. Alifanya hivyo bila kutazama, kama mtu anayefunga kitasa cha mlango wake mwenyewe. Mzee akasimama wima. Akawainamia watu kichwa, mara moja, kwa heshima kamili.

"Mzee naye msanii!" alisema mkuu wa chuo. "Sasa tumejua binti amerithi wapi!"

Wakatangaza. Kucha alikuwa wa kwanza. Wakampa cheti, wakampa mkono, na Konokono akamkabidhi maua, akakohoa. Kucha alitaka aseme neno, hata la kumsuta. Mwalimu alikuwa ameshaanza kukunja nyaya za spika.

Akatoka mbio na maua yake na koti lake jeusi. Gari lilikuwa bado uwanjani. Mzee ameshakaa kiti cha abiria, mlango umefungwa, na mama yuko kwenye usukani anatafuta funguo kwenye mkoba. Kioo cha upande wa mzee kilikuwa wazi. Alikuwa anapangusa miwani.

"Wametazama mpaka mwisho," alisema mzee bila kugeuka. "Na wamefurahi. Mimi nilisema na nimesema. Umeshinda, fanya utakalo."

"Baba."

"Hongera."

"Baba, goti lako lina nini?"

Mama aliacha kutafuta funguo. Mzee akavaa miwani yake, akamtazama binti yake kuanzia maua mpaka zile kucha zilizokatwa, taratibu, kama mteja aliyeingia duka ambalo silo.

"Goti gani?" alisema. "Mimi nina maringo. Ukumbi mzima umeona."

Akapandisha kioo, na mama akawasha gari.